Bomba la Kisarawe na Nukta ya Hasi Moja

Tarehe 28 Juni 2020 Rais John Magufuli alizindua mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe. Maji yale asili yake ni Mto Ruvu. Yanasafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi, yanapita Kibaha, na yakifika Kibamba yanasukumwa na pampu kupanda vilima vya Kisarawe hadi kwenye tenki la lita milioni 6. Bomba hilo la kupandishia lina urefu wa kama kilomita 15. Kisarawe, mji uliokaa miaka mingi ubavuni mwa Dar es Salaam bila maji ya uhakika, ukawa na maji ya bomba, na baadaye tenki hilo hilo likawa chanzo cha maji yanayoshuka kuelekea Pugu na Gongo la Mboto. Mengi yamesemwa kuhusu mradi huo, nami sina nia ya kuyarudia. Nataka tuzungumzie kitu ambacho hakuna bomba refu lisilokuwa nacho, ingawa hakionekani kwenye ramani wala kwenye bili, nacho ni muda. Anayerekebisha yuko Kibamba, maji yanapimwa Kisarawe, na katikati kuna muda unaoweza kugeuza marekebisho mema yakawa chanzo cha vurugu. Hoja ninayoitetea ni kwamba kwa mfumo wowote unaojirekebisha wenyewe, haitoshi kuuliza kama leo umetulia. Inatupasa tujue umebakiwa na akiba kiasi gani kabla haujaanza kuyumba, na sijui mahali akiba hiyo inaposomeka vizuri kuliko kwenye mchoro wa mwitikio wa masafa, yaani jinsi mfumo unavyoyajibu mawimbi ya kasi mbalimbali.

Tuanze na kitu kilicho katika nyumba nyingi za Kibaha: boya la tenki. Maji yakishuka, boya linashuka na kufungua valvu. Yakipanda, boya linapanda na kuifunga. Kipimo kinarudi kuamuru kitendo, na kitendo kinabadili kipimo. Huo ndio mrejesho, na njia nzima kutoka kitendo hadi kipimo na kurudi tena ndiyo kitanzi. Boya halina shida kwa sababu limekaa sentimita chache tu kutoka kwenye valvu yake. Sasa turefushe kitanzi. Tuseme dawa ya klorini inatiwa Kibamba, na kifaa cha kupimia klorini iliyobaki kimewekwa bomba linapoingia tenki la Kisarawe. Kipimo kinatumwa kwa mtandao wa simu hadi Kibamba, na kirekebishi kinaongeza au kupunguza dawa. Sidai kwamba ndivyo bomba hilo linavyoendeshwa. Nachukua urefu wake ili hesabu iwe na mahali pa kusimama. Maji yakienda kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kilomita 15 zinachukua sekunde 15,000, yaani saa 4 na dakika 10. Kirekebishi kikiongeza dawa saa mbili asubuhi, matunda ya kazi yake yatapimwa saa sita na dakika kumi mchana. Katika muda wote huo kipimo cha Kisarawe kitaendelea kulalamika kwamba dawa ni pungufu, na kirekebishi kisicho na subira kitaendelea kuongeza. Dawa ikianza kufika itafika imepita kiasi, na safari ya kupunguza itaanza kwa kuchelewa vilevile. Mtu aliyewahi kusukuma bembea anaijua kanuni hii mikononi mwake: sukuma wakati bembea inakujia na utaituliza, sukuma wakati inaondoka na utaizidisha, hata kama nguvu yako ni ile ile.

Sasa, je, unajuaje kama msukumo wako unafika wakati wa kutuliza au wakati wa kuzidisha? Njia ya masafa inajibu kwa utaratibu ambao bado naona ni mmoja kati ya taratibu nzuri kuliko zote ambazo uhandisi umewahi kubuni. Kata kitanzi mahali pamoja. Ingiza wimbi la polepole: dawa inapanda kidogo, inashuka kidogo, kwa mzunguko wa muda unaoujua. Subiri, kisha tazama kinachorudi upande wa pili. Ikiwa mfumo unakaribia tabia ya mstari, litarudi wimbi la mzunguko ule ule, nawe utaandika namba mbili tu: limekuwa kubwa au dogo mara ngapi, na limechelewa kwa sehemu gani ya mzunguko. Uchelewaji huo tunaupima kwa nyuzi, kwa kuwa mzunguko mzima ni nyuzi 360 na nusu yake ni 180. Rudia kwa wimbi la kasi zaidi, kisha la kasi zaidi tena, na uchore. Ukichora ukubwa na pembe kila kimoja kwenye grafu yake, umepata mchoro wa Bode. Ukizichora namba hizo mbili pamoja, ukubwa kama umbali kutoka kitovu na uchelewaji kama pembe ya kuzunguka, umepata mchoro wa Nyquist. Kwenye mchoro huu wa pili kuna nukta moja ya hatari: ukubwa 1, uchelewaji nyuzi 180. Kihesabu ni hasi moja. Wimbi linalorudi likiwa limechelewa nusu mzunguko limegeuka kichwa chini. Na kwa kuwa kirekebishi hutenda kinyume cha kile kinachokiona, hugeuza tena, na wimbi linasimama wima kama lilivyoondoka. Likiwa pia halijapungua ukubwa, halihitaji tena mkono wa mtu. Litajizungusha lenyewe kitanzini bila kikomo.

Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani akiwa kijana, aliuchapisha ukweli huu mwaka 1932 akiwa kwenye kampuni za simu za Bell. Tatizo lake lilikuwa simu. Miaka mitano kabla, mwenzake Harold Black alikuwa amebuni kipaza ishara chenye mrejesho, na vipaza hivyo vilikuwa vikipiga mluzi vyenyewe bila mtu kuelewa sababu. Baadaye Hendrik Bode akazipa namba za Nyquist sura ya grafu mbili zinazochorwa kirahisi kwenye karatasi, na kitabu chake cha mwaka 1945 kikaufanya mchoro huo kuwa lugha ya kila siku ya wahandisi. Jambo la kushika katika historia hiyo ni kwamba Nyquist hakuwaomba mafundi wajue kila kitu kilichomo ndani ya kipaza. Aliwaomba wapime. Mlinganyo wa ndani unaweza kukosekana kabisa, na mchoro bado ukasema kweli.

Turudi kwenye bomba letu na namba halisi. Tuseme kirekebishi cha Kibamba kinalimbikiza: kila saa kinasahihisha dawa kwa sehemu moja ya nane ya pengo lililopimwa Kisarawe. Kirekebishi cha kulimbikiza kina uchelewaji wake wa asili wa nyuzi 90 kwa kila wimbi, kwa maana limbikizo hufika kilele robo mzunguko baada ya pengo lenyewe kufika kilele. Kwa ukali huo wa moja ya nane, wimbi linalorudi na ukubwa ule ule lililoondoka nao ni lile lenye mzunguko wa saa 50 hivi. Mawimbi ya kasi zaidi yanarudi yamenywea, na ya polepole zaidi yanarudi yamekua. Hivyo macho yote yawe kwenye wimbi la saa 50. Uchelewaji wa bomba, saa 4 na dakika 10, ni nyuzi 30 za mzunguko huo. Ongeza zile 90, unapata 120. Zimebaki nyuzi 60 kabla ya kufika 180. Hizo 60 ndizo akiba ya pembe. Ukiusoma mchoro wa Nyquist, mkunjo unaukata mhimili wa hasi kwenye theluthi moja, mbali na ile nukta. Maana yake ukali ungeweza kuzidishwa mara 3 kabla mambo hayajaharibika. Hiyo ni akiba ya ukuzaji. Mhandisi yeyote angeitazama karatasi hiyo na kulala usingizi.

Lakini bomba halitumiki kwa mtiririko mmoja mwaka mzima. Mtiririko ukishuka hadi theluthi mbili, safari ya maji inakuwa saa 6 na robo. Wimbi la saa 50 sasa linachelewa nyuzi 45 njiani, na akiba ya pembe inabaki 45. Mtiririko ukishuka hadi theluthi moja, safari inakuwa saa 12 na nusu. Uchelewaji wa njiani unakaribia nyuzi 90, akiba inabaki nusu nyuzi, na mkunjo unapita kwenye 0.995, pembeni kabisa mwa nukta ya hatari. Ukingo wenyewe uko kwenye saa 12 na dakika 34. Hakuna mtu aliyegusa kirekebishi. Hakuna kifaa kilichoharibika. Kwa kuwa dawa hupimwa kwa kila lita, ukali wa kitanzi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mwendo wa maji peke yake, na mfumo uliokuwa mtulivu kuliko ilivyohitajika umebakiwa na dakika 4 za uhai. Naomba nikiri kwamba klorini hupungua yenyewe ikiwa njiani, na jambo hilo hupunguza ukuzaji na kusogeza ukingo mbele kiasi. Mwelekeo wa hesabu haubadiliki.

Hapo ndipo naona udhaifu wa njia iliyozoeleka ya kupokea mfumo mpya. Mkandarasi anamaliza kazi, wanakusanyika watu, kiwango kinabadilishwa ghafla, kipimo kinapanda na kutulia, mikono inapigwa. Jaribio hilo ni la kweli, ila linajibu swali la siku ile kwa mtiririko wa siku ile. Mfumo wenye akiba ya nyuzi 60 na wenye akiba ya nyuzi 45 yote miwili itatulia mbele ya wageni, na cheti kitakuwa kile kile. Baya zaidi, kuyumba kwa saa 50 hakuna anayekuona. Zamu ya mwendeshaji ni ya saa 8. Wa kwanza ataandika kwamba dawa inapanda taratibu, wa pili kwamba imekaa juu, wa tatu kwamba inashuka, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Mwananchi wa Kisarawe atanusa dawa kali leo, kesho atakuta maji hayana harufu, keshokutwa atanusa tena, na atadhani maji yamechanganywa na ya kisima. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji. Wastani wa mwezi ungeonyesha kwamba sharti limetimia kwa ziada, huku kila baada ya siku mbili kukiwa na saa kadhaa ambazo maji yanapita bila kinga. Wastani hufuta kabisa kitu tunachokitafuta. Mchoro wa masafa unakitafuta kwa jina lake.

Kuna wanaosema kwamba mwendeshaji mzoefu anatosha, na kwamba mafundi wetu wameendesha mitambo kwa masikio na vidole tangu Ruvu Juu ijengwe mwaka 1959. Uzoefu huo nauheshimu, na kwa vitanzi vya sekunde na dakika ndio kinga bora tuliyonayo. Fundi anayesikia pampu ikihema anajua kitu ambacho grafu itachelewa kumwambia. Ila uzoefu hujengwa na kurudiwa kwa jambo mbele ya macho yako, na jambo linalojirudia kila baada ya saa 50 halirudi mbele ya mtu yule yule katika hali ile ile. Wengine wanasema zama za karatasi zimepita, kompyuta iigize mfumo mzima. Iigize, sipingi. Igizo hujibu swali moja kwa kila mara linapoendeshwa: kwa namba hizi, limetulia au halikutulia. Ukitaka kujua umbali kutoka ukingoni utaliendesha mara mia huku ukibadili namba, na mwishowe utakuwa umechora kwa jasho kile ambacho Nyquist angekuonyesha kwa mkunjo mmoja. Isitoshe, igizo limejengwa juu ya mlinganyo wa bomba jipya, na bomba halibaki jipya.

Pingamizi zito ni lile la tabia ya mstari. Nadharia yote hii inadai kwamba ukiingiza wimbi mara mbili zaidi utapata jibu mara mbili zaidi, na mitambo halisi haina adabu hiyo. Valvu inakwama kisha inaruka. Pampu ikifika mwisho wa uwezo wake haiongezi tena. Tenki likijaa limejaa. Haya yote ni kweli, na mtu anayeuza mchoro wa Nyquist kama dawa ya kila ugonjwa anadanganya. Mchoro unasema juu ya mtikisiko mdogo kuzunguka hali moja ya kazi. Hauahidi chochote kuhusu siku umeme unapokatika ghafla na maji ya kilomita 15 yanaporudi kwa kishindo. Huko kuna hesabu zake. Hata ndani ya mipaka yake una mitego. Mkunjo unaweza kuwa na akiba nzuri ya pembe na akiba nzuri ya ukuzaji, kisha ukainama katikati na kuisogelea ile nukta mahali ambapo namba zote mbili hazitazami, na ndiyo maana napenda mchoro mzima kuliko namba mbili zilizochopolewa. Lakini angalia pingamizi lenyewe linatupeleka wapi. Kama mfumo hubadilika tabia kwa kubadilika hali ya kazi, basi mchoro mmoja hautoshi, ichorwe mitatu au minne, mmoja kwa kila hali. Hesabu yetu ya bomba ilifanya hivyo hasa, na hatari ilionekana pale tu tulipoiweka mikunjo mitatu kwenye karatasi moja.

Wasiwasi wa kuchezea maji ya watu kwa ajili ya majaribio nao unajibika. Mwaka 1984 Karl Johan Åström na Tore Hägglund wa Chuo Kikuu cha Lund walionyesha kwamba huhitaji kuingiza mawimbi kwa masafa yote. Ondoa kirekebishi kwa muda, weka swichi rahisi: kipimo kikiwa chini ya lengo, ongeza kidogo, kikiwa juu, punguza kidogo. Mfumo utaanza kuyumba wenyewe kwa mzunguko ule ule ambao uchelewaji wake ni nyuzi 180, kuyumba kudogo kunakodhibitiwa na ukubwa wa hatua uliyochagua. Kimo cha kuyumba huko na muda wa mzunguko wake vinakupa nukta muhimu kuliko zote za mchoro. Kwa presha ya bomba kazi hiyo ni ya dakika chache, kwa kuwa wimbi la presha kwenye bomba la chuma husafiri kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde na hufika Kisarawe kwa sekunde 15. Kwa klorini itachukua siku moja au mbili, na hatua ya kubadili dawa inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba mnywaji hataigundua.

Limebaki pingamizi la mtu wa kawaida, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Shida yetu ni maji kidogo, atasema, mnatuletea mikunjo. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao. Nani siku hizo angeuliza akiba ya pembe? Najibu kwamba siku hizo hasa ndizo za kuuliza. Mto ukipungua, mtiririko bombani unapungua, safari ya maji inarefuka, na akiba inaliwa. Uhaba na kuyumba havipangi foleni, kimoja hukiita kingine: mji unapopata theluthi ya maji yake, ndipo kirekebishi kilichopimwa wakati wa neema kinapofika ukingoni, na maji machache yanayofika yanakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dawa pungufu au iliyozidi.

Umeme unaosukuma pampu zile una sura hiyo hiyo. Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235, imeongeza sana sehemu ya maji katika gridi yetu, na umeme wake unaingia kupitia Chalinze, humu humu mkoani Pwani. Mtambo wa maji una tabia inayomshangaza kila mwanafunzi: ukifungua lango ili uongeze nguvu, mwanzoni nguvu hupungua, kwa sababu maji yaliyomo kwenye njia yake lazima kwanza yaongeze mwendo. Kwenye mchoro hilo huonekana kama uchelewaji wa pembe usioambatana na kupungua kwa ukubwa, na hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo. Mwaka 2016 katika jimbo la Yunnan, China, gridi inayotegemea sana maji iliyumba kwa mzunguko wa kama sekunde 20, kwa muda unaozidi dakika 20, na chanzo kilikutwa kwenye virekebishi vya mitambo ya maji ambavyo kila kimoja peke yake kilionekana kizima. Havikuharibika; hali ya gridi iliyovizunguka ndiyo iliyokuwa imebadilika, kama mtiririko wetu wa bombani.

Kwa hiyo ningependa kila nyumba ya pampu na kila kituo cha kutia dawa, kutoka Mlandizi hadi Kisarawe, kiwe na karatasi ukutani yenye mikunjo ya kitanzi chake kwa mtiririko mkubwa, wa kati na mdogo, na tarehe iliyopimwa. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kuagizwa. Wanafunzi wa Chuo cha Maji pale Dar es Salaam, au wa VETA hapa Pwani wakiwa na mwalimu anayejua kusoma wimbi, wanaiweza. Na mwenye kuiona karatasi hiyo anaiona pia tiba, kwa sababu imo ndani ya mchoro: ukali wa kirekebishi ufuate mtiririko. Maji yakishuka hadi theluthi moja, kirekebishi kisahihishe sehemu moja ya ishirini na nne ya pengo kwa saa, badala ya moja ya nane. Gharama yake ipo wazi, kwani wakati wa kiangazi masahihisho yatakuwa ya polepole mara tatu, na tope likija ghafla baada ya mvua ya kwanza, itamlazimu mwendeshaji aingilie kwa mkono. Ila ukiichora upya mikunjo ile mitatu kwa kanuni hiyo, inalaliana na kuwa mstari mmoja unaokata mhimili kwenye theluthi moja, na nyuzi zake 60 zipo, Ruvu ikiwa imejaa au imekauka.